Chupa Namba 118

Bunia, Jumapili 9 Februari 2025

Mdogo wangu Henri,

Nakusalimu wewe na Sandrine mkeo na tumbo lake, na watoto. Mama msalimie, ila barua hii usimsomee. Hapa Vicky ameanza mwaka wa pili wa chuo cha ualimu na anaamka saa kumi na moja kuwahi maji ya bomba. Upepo wa tarehe 28 ulibeba bati mbili za jiko. Moja tuliipata kwa jirani, ya pili jirani anasema hakuiona. Kazini bado niko kwenye sekretarieti ya shule. Mkurugenzi mpya anaandika "haraka sana" juu ya kila karatasi, hata ya kuomba chaki.

Nakuandikia kwa sababu simu yako haina siri. Unaitundika dirishani penye mtandao, unaweka spika, na kabla sijamaliza "alo" Mama ameshauliza nimekula nini.

Habari yenyewe ni hii. Tarehe 17 Oktoba, nikifunga kifungo cha blauzi, niligusa kitu upande wa kushoto wa shingo, kama punje ya haragwe. Niliandika kwenye daftari langu. Tarehe 30 Novemba kilikuwa kama yai la njiwa. Ekografi, picha ya ndani ya shingo, nilifanya tarehe 5 Desemba. Daktari aliniambia, "Mama Vicky, goita nyingi za huku kwetu ni goita tu. Lakini hii iko ngumu, tena iko peke yake. Lazima ipimwe." Tarehe 19 wakanichoma sindano, wakapaka walichovuta kwenye vioo, vioo vikatumwa mbali. Jibu lilirudi tarehe 22 Januari: kilichochukuliwa hakitoshi kusomwa. Dola themanini na tano, Henri. Nilipouliza kaisi, pale nilipolipia, kama watanirudishia kitu, karani alisema bila kuinua kichwa, "Mama, unalipia kazi, haulipie jibu." Maneno hayo nayo nimeyaandika, na tarehe yake.

Sasa daktari anataka kutoa upande wote wa kushoto wa tezi ya shingo, tarehe 24, na kilichotolewa kipelekwe labo kikapimwe na kusomwa. Goma haipitiki tena kwa vita. Imebaki Kampala. Hospitali haipeleki, familia ya mgonjwa ndiyo inapeleka. Pesa za operesheni nimeshazipata: nimeuza mashine ya kushonea na friji, na shule imenikopesha. Kwa hiyo sikuombi pesa. Nakuomba miguu. Wewe unavuka mpaka wa Uganda pale Goli kila wiki na maharagwe yako. Safari moja usishukie Paidha, upande basi, ufike Kampala.

Na Mama asijue. Tangu kaka yetu Michel auawe na kuachwa barabarani mwaka 2003, bila mtu kutuonyesha kaburi, Mama akisikia mtoto amekohoa anaanza kutandika mikeka ya matanga. Nitamwambia mwenyewe jibu likitoka.

Prudent dereva ndiye atakayeleta barua hii kwenye Fuso yake. Mpe jibu akigeuza.

Dada yako,
Lucienne


Mahagi, 19 Februari

Yaya Lucienne,

Tuko wazima, na tumeongezeka. Sandrine amejifungua usiku wa tarehe 14, mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu. Tumemwita Prince. Mama anasema masikio ni ya baba yetu, mimi naona ni masikio tu. Kitovu kilianguka jana na Mama amekizika mwenyewe nyuma ya jiko, pale pale vilipo vitovu vyetu vyote, cha Michel, changu na chako. Ile nyonga yake mbovu inamfanya achukue nusu saa kutoka mlangoni hadi pale, lakini hakukubali mtu amshike.

Barua yako niliisomea nyuma ya nyumba kama mtoto aliyeiba sukari. Pole, Yaya, dada yangu mkubwa. Miaka yote hii unatuambia "niko salama, niko salama", kumbe unaandika ugonjwa wako kwenye daftari, sisi ndugu zako tunasoma mwisho. Nimekasirika kidogo. Lakini nitakwenda. Kampala naijua, nilishapotea huko mara mbili.

Leta hicho kitu. Mama hatajua.

Henri


Bunia, Jumapili 2 Machi

Henri,

Mungu amlinde Prince, na Sandrine apumzike kweli. Usimwache arudi kwenye soko la Jumatano kabla ya wiki sita. Vicky ameshona kofia mbili kwa mkono, zimo ndani ya mfuko.

Walinipasua Jumatatu tarehe 24, saa tatu asubuhi. Niko nyumbani tangu Ijumaa. Usinipigie kwa sasa. Nimeambiwa nipumzike.

Soma vizuri. Prudent anakuletea chupa ya mayonezi yenye kifuniko chekundu. Usicheke: hospitali inamwambia mgonjwa alete chupa yake mwenyewe yenye mdomo mpana, na hiyo ndiyo niliyokuwa nayo. Ndani kuna kipande kilichotoka shingoni mwangu, kimelala kwenye formoli, dawa inayozuia kisioze. Isimwagike, na usiongeze maji. Juu nimebandika plasta na kuandika kwa mkono wangu namba 118. Namba hiyo iko pia kwenye karatasi ya daktari na kwenye kitabu cha hospitali. Kila karatasi utakayopewa Kampala lazima iwe nayo. Katika bahasha kuna dola mia moja na arobaini, za labo na za basi.

Nimemwambia Prudent aikabidhi mkononi mwako. Asimpe Sandrine wala mtoto, na asiiache dukani.

Daktari anasema majibu huchukua siku kumi na nne. Nimeandika tarehe 23 Machi nikaipigia mstari chini.

Lucienne


Mahagi, 30 Machi

Yaya,

Samahani kwa kuchelewa. Barabara ilifungwa upande wa Djugu, Prudent alilala Fataki siku nne. Prince anakua. Mvua imeanza, nimepanda soya.

Kuhusu jambo lako, limekwisha. Majibu ni mazuri. Wamesema hakuna kitu kibaya. Kula, lala, mshukuru Mungu.

Nimekupigia mara sita. Kwa nini haushiki?

Henri


Bunia, Jumapili 13 Aprili

Mdogo wangu Henri,

Barua yako ilifika tarehe 6. Niliisoma nimesimama penye geti na Prudent bado yuko juu ya usukani. Vicky alipiga vigelegele mpaka yule jirani wa bati akaja na soda tatu. Nililala siku hiyo saa tisa mfululizo. Sijalala hivyo tangu Oktoba. Asante. Nilitaka ulijue hilo kabla ya yanayofuata.

Tarehe 9 nilikwenda kwa daktari. Aliuliza, "Karatasi iko wapi?" Nikamwonyesha barua yako. Aliisoma, akaikunja, akanirudishia. "Mama Vicky, hii ni habari ya sokoni. Nani amesoma? Ameona nini?" Nilijisikia kama mtoto aliyeletwa ofisini kwangu bila buletini yake ya maksi.

Halafu alinieleza kitu ambacho hakuwa amenieleza. Upande wa kulia wa tezi, ule alioniachia, kuna uvimbe mwingine mdogo, milimita saba. Sindano haitaushika. Kama karatasi ya Kampala inasema hakuna kansere, ataniachia upande huo na tutautazama tu kila miezi sita. Kama inasema kansere ipo, atautoa wote. Kila kitu kinasubiri karatasi hiyo.

Kwa hiyo nitumie karatasi, Henri. Yenye mhuri, jina la aliyesoma, na namba 118. Nipe pia tarehe uliyofika labo. Barua yako haikuitaja.

Lucienne


Mahagi, 26 Aprili

Yaya,

Hapa ni mvua tu. Soya imeota vizuri upande wa juu, upande wa chini maji yamekula.

Karatasi iko, lakini ililowa kwenye begi nikivuka, nimeiomba upya. Watatuma. Labo za wenzetu nazo zina mambo mengi. Wewe unataka mhuri, unataka jina, unataka tarehe na saa. Unaniandikia kama inspekta wa shule. Mimi nimekwambia ni mazuri. Mdomo wa ndugu yako hautoshi mpaka upigwe mhuri?

Na bado haushiki simu. Sandrine anasema labda tumekukosea kitu.

Mama amesikia uko dhaifu. Amemwambia Prudent apitie kwake, kuna kuku na simsim ya kusaga aliyokutengenezea. Kula.

Henri


Bunia, Jumapili 4 Mei

Henri,

Sitaanza na salamu. Msalimie Prince peke yake, hajafanya kosa.

Alhamisi tarehe 1 Mei, saa kumi jioni, Prudent alishusha mfuko wa Mama. Kulikuwa na mkungu wa ndizi, kuku aliyekufa kabla ya Fataki, na simsim. Vicky alifungua simsim, akapaka kwenye mkate, akaanza kula. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Niliinua macho nikaona kifuniko chekundu.

Nilichukua chupa ile nikaigeuza. Plasta bado ilikuwepo, imefifia kwa kusuguliwa na majivu, lakini mwandiko ulikuwa wangu. Moja, moja, nane. Nilimpiga Vicky mkono, mkate ukaenda chini. Hajui hadi leo kwa nini, anafikiri ugonjwa umeniingia kichwani.

Kilichokuwa ndani kiko wapi?

Usiniambie labo walikurudishia chupa tupu. Nimemuuliza daktari: labo haimwagi, labo inatunza. Usiniambie zilifanana. Hakuna mayonezi Mahagi yenye mwandiko wangu. Umeniandikia "majibu ni mazuri" tarehe 30 Machi. Umeniandikia "karatasi imelowa" tarehe 26 Aprili. Barua zote mbili ziko mbele yangu, nimezibandika kwenye daftari, kulia kwangu barua zako, kushoto kwangu chupa.

Unataka kujua kwa nini sishiki simu. Sina sauti, Henri. Tangu tarehe 24 Februari. Mshipa wa sauti unapita nyuma ya tezi, na upande wa kushoto uliguswa. Daktari alikuwa amenionya kabla, nilikubali, nilitia sahihi. Ninachotoa ni mnong'ono, na kwenye simu hausikiki kabisa. Shuleni ninaandika kwenye vipande vya karatasi. Wazazi wanafikiri nimekuwa na majivuno. Sikukwambia kwa sababu nilijua utamwambia Mama, na nilikuwa nangojea jibu zuri la kuweka juu ya habari mbaya.

Wewe ukanipa jibu zuri. Nililala saa tisa juu ya jibu lako.

Nilitoa nusu ya tezi na sauti yote ili kipande kile kisomwe. Ndiyo ilikuwa bei. Niambie kiko wapi, na usiandike habari za soya.

Lucienne


Mahagi, 15 Mei

Yaya Lucienne,

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Prudent alifika tarehe 5 Machi, mimi nilikuwa Paidha na magunia. Alikuwa na haraka ya kushusha vitunguu. Mama alikuwa kibarazani. Alimuuliza amebeba nini, na Prudent, mdomo wake unaujua, akasema, "Iko kitu ya Yaya Lucienne, ya hopitali, Henri anapelekaka Kampala." Akamwachia chupa na bahasha, akaondoka.

Niliporudi jioni, chupa ilikuwa imeoshwa, imepinduliwa juu ya kichanja cha vyombo.

Nikauliza. Mama akasema, "Nimeizika."

"Umeizika wapi, Mama?"

"Pahali ya kitovu yake. Weye ulitaka niizike wapi?"

Nikamweleza labo, nikamweleza kansere, nikamweleza wewe. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Ile iko nyama ya mutoto wangu. Siye tunazikaka mutu. Michel sikumuzika. Walimwacha kwa barabara kama mbuzi ya kugongwa. Na huyu unataka batu ya ng'ambo bamukate-kate, halafu bamutupe kwa pubeli ya takataka? Hapana."

Nikachukua jembe. Akatangulia, na ile nyonga yake, akaenda akaketi juu ya pale. Akasema, "Chimba. Anza na mimi."

Yaya, ningefanya nini? Ningemvuta Mama kwa mkono? Tulikaa pale hadi giza. Kesho yake nilikwenda kwa muuguzi wa kituo cha afya, nikamuuliza kama vile ni mtu mwingine. Alisema nyama ikitoka kwenye dawa ikalala udongoni usiku mmoja, hakuna tena cha kusoma. Basi nikaona hakuna faida ya kumpiga vita.

Sasa uongo. Ule ni wangu, si wa Mama. Niliwaza hivi: kama kitu kibaya kilikuwa ndani ya kipande, kimeshatoka shingoni mwake na kiko chini. Kama hakikuwa ndani, basi hakuna kitu. Kwa njia zote mbili Yaya ni mzima, nimwambie alale. Sikujua kama kuna upande wa kulia. Haukuniambia. Sikujua kama sauti imekwenda. Haukuniambia. Unanipa namba, unanipa tarehe, unanipa "isimwagike", na wewe mwenyewe unajificha. Ningejua kama sauti yako ndiyo imelipia ile chupa, labda ningechimba na Mama akiwa juu.

Na nitakwambia lingine, maana leo umenifungua. Daftari lako linajua kila kitu. Linajua siku uliyogusa punje ya haragwe. Je, linajua tarehe 11 Novemba 2023? Ndiyo siku aliyoanguka Mama akavunja nyonga. Miezi mitatu nilimbeba mgongoni kwenda chooni. Mwanamke mzima, mama yangu, analia kwa aibu na mimi nafumba macho. Nilikupigia. Ulisema utakuja sikukuu. Ipi? Miaka kumi na moja ninakaa naye, na wewe ni wa "msalimie". Mtu anayekaa naye ndiye anayejua kwamba Mama akiketi juu ya kitu, hakiondoki.

Pesa zako ziko ndani ya bahasha ile ile, sikugusa hata noti moja.

Nimekukosea. Najua. Lakini usiniite mwizi wa shingo yako.

Henri


Bunia, Jumapili 22 Juni

Henri,

Barua yako ilichelewa njiani siku ishirini na moja. Niliipata tarehe 5 Juni. Pesa zimefika kamili.

Nilitafuta daftari la 2023. Ukurasa wa tarehe 11 Novemba upo. Nimeandika: "Henri amepiga simu, Mama ameanguka. Nimenunua chaki, katoni mbili." Basi. Chini yake ni bei ya katoni. Nimekaa na ukurasa huo siku nyingi. Ulisema kweli, na sikuandikii ili unisamehe. Ila kosa langu halikufukia lako. Yamelala pamoja, kila moja na shimo lake.

Tarehe 6 nilikwenda kwa daktari nikamweleza. Alivua miwani. Akasema, "Kama ningejua, ningeweza kukuachia. Sasa sijui. Na nisichokijua siwezi kukiacha shingoni mwako." Kwa hiyo Jumatatu tarehe 16 walitoa na upande wa kulia. Shule imenikopesha tena. Watanikata mshahara hadi mwaka kesho mwezi wa sita. Nitameza kidonge kila asubuhi mpaka nife, kwa sababu tezi hakuna tena. Mnong'ono niliokuwa nao umepungua. Ninapomwita Vicky, ninapiga sufuria na kijiko.

Nina hasira, Henri. Nina hasira na karani wa kaisi, nina hasira na barabara na hospitali inayompa mgonjwa nyama yake mwenyewe ndani ya chupa ya mayonezi na kumwambia "peleka". Lakini hao hawakuniandikia kwamba majibu ni mazuri. Aliyeniandikia ni wewe, mtoto niliyemfundisha kuandika jina lake kwa mkaa juu ya ukuta wa jiko, jiko hilo hilo.

Sasa sikiliza. Chupa ya pili iko tayari. Ni ile ile. Nimeitoa simsim, nimeichemsha, nimebandika plasta mpya. Namba 264. Safari hii haiji kwako. Inakuja na Vicky, itakaa mapajani mwake kutoka Bunia hadi Kampala, na usiku atalala ameifunga tumboni kwa kitenge. Wewe utamsindikiza, kwa sababu umesema Kampala unaijua. Utatembea mbele, utauliza njia. Chupa hautaishika.

Mtapita nyumbani, na Mama ataiona. Nataka aione. Umsomee maneno haya kama yalivyo, kwa sauti yako, maana yangu hakuna:

Mama, ni mimi Lucienne. Najua kwa nini ulizika. Michel nilimlilia na mimi. Lakini mimi bado sijafa, na kipande changu si maiti. Kilikuwa barua. Umezika barua yangu kabla haijasomwa. Nimeuliza labo: wakimaliza kusoma, kinachobaki wanarudisha kwa familia ikiomba. Vicky ataomba. Kitakuja kwako, utakizika pale pale, na hakuna atakayekuzuia. Kwanza kisomwe, ndipo kizikwe. Na ukiketi juu ya chupa hii, Mama, nitakuja mwenyewe kutoka Bunia na kidonda changu, nami nitaketi karibu yako, na hatutaongea, kwa sababu siwezi.

Mwisho wa maneno ya kumsomea Mama.

Vicky anaondoka Jumatano na barua hii.

Lucienne


Kampala, 11 Julai 2025

Yaya Lucienne,

Vicky anarudi kwako na barua hii, pamoja na karatasi yenyewe, yenye mhuri. Nimeifunga kwenye nailoni mbili. Lakini uliniambia niandike kama ilivyo, nami naandika, ili hata karatasi ikipotea uwe nayo.

Mama nilimsomea Jumatano usiku, Vicky akiwa ameketi na chupa. Mama alisema nirudie. Nikarudia. Akauliza kama ni kweli Yaya anapiga sufuria. Vicky akasema ndiyo. Mama alijikokota mpaka kwa Vicky, akaweka mkono juu ya kifuniko, akauondoa. Asubuhi alitupikia chai kabla ya sisi kuamka.

Tulifika labo Ijumaa tarehe 27 Juni, saa nne na dakika ishirini. Aliyepokea ni mwanamke, jina lake liko kwenye karatasi. Vicky alimkabidhi mwenyewe. Majibu yalitolewa leo tarehe 11 Julai, saa tano asubuhi. Mbele ya dirisha nilisoma namba mara tatu: 264.

Upande wa kulia: hakuna kansere. Uvimbe wa milimita saba ni goita ya kawaida.

Kinachobaki wameturudishia, kiko kwenye chupa. Mimi nitakifikisha kwa Mama, kama utakubali nikishike kutoka hapa hadi nyumbani. Vicky amekubali kwa niaba yako.

Kwenye karatasi kuna mstari mmoja zaidi. Yule mwanamke alisoma barua ya daktari wako, akaona kwamba kulikuwa na upande mwingine, namba 118. Akaniuliza uko wapi, maana kwa ugonjwa huu upande uliokuwa mgumu ndio wenye jibu. Vicky alinitazama. Ningeweza kusema ulipotea njiani, barabara yetu inajulikana. Nilimwambia tuliuzika. Hakucheka. Aliniuliza kama nina hakika, nikasema nina hakika, nyuma ya jiko. Akachukua kalamu, akaandika, nami nanakili bila kuongeza neno:

"Upande wa kushoto: haukupokelewa."

Mdogo wako,
Henri